Wifi, Si Majani Yaliyomuua Deo

Wifi yangu mpendwa Dorosela,

Nakusalimu kwa jina la Yesu na la Mama yake, ambaye tulikuwa tunamsalimu pamoja kila asubuhi kabla ya kuwasha moto. Hujambo? Unalala? Mgongo wako unaendeleaje, ule uliokuwa unakukamata ukiinama kuosha masufuria? Na unakula? Nauliza hilo la mwisho nikijua kwamba zamani wewe ndiye uliyekuwa ukituuliza sisi. Huku Ijumbi tu wazima wa mwili. Mama anaamka, anaota jua, anarudi ndani. Mvua haikutunyima, migomba imezaa. Magoti yangu bado yananibeba, namshukuru Mungu na nakushukuru wewe.

Najua utashangaa kuona barua yako mikononi mwa watu wote. Simu yako haipatikani tangu ulipoondoka. Nimeuliza kwenu Bukoba, wanasema ulifika, ukalala, asubuhi ukapanda basi na hukusema unakwenda wapi. Sasa nimeshauriwa niandike waziwazi, ili wageni wako wa zamani, wale waliokuja kupumzika kwako, waitume kwenye makundi yao ya simu, maana wametapakaa nchi nzima na huenda mmoja wao anajua ulipo. Mimi niliishia darasa la saba, unajua, kwa hiyo nikiruka huku na huku nivumilie. Na wewe msomaji usiye Dorosela, soma tu, lakini ukimwona mwambie.

Wifi, nakumbuka siku Deo alipokuleta nyumbani. Mdogo wangu yule alichelewa kuoa mpaka tukadhani ameshaamua kuzeeka na fuso lake la kubebea kahawa. Kumbe Mungu alikuwa amekuficha jikoni, kwenye nyumba ya wageni kule Bukoba, unawapikia watu. Mama alifurahi mpaka akamkamata jogoo wake mwekundu, yule aliyekuwa hataki hata aguswe. Akampika mwenyewe. Nyumba ilitandikwa nyasi mbichi, majirani wamekaa, na mapaja yote mawili yakaletwa mbele yako. Ukapiga magoti ukasema, "Mama, naomba unisamehe. Mimi sili kuku. Sili nyama, wala samaki, wala maziwa, wala yai. Nitakula ndizi na maharage, na nitashukuru sana."

Mama akakuangalia. Akasema, "Sisi tulikatazwa, mwanangu. Mimi nikiwa msichana kuku ilikuwa mwiko kwa mwanamke, yai mwiko. Senene tulikamata sisi, wakala kaka zetu. Nimelilia kipande cha kuku mpaka nikapigwa. Wewe nani amekukataza?"

"Hakuna aliyenikataza, Mama. Nimechagua."

"Basi umechagua kilio changu."

Deo akaona mambo yanaharibika, akadakia, "Mama, usihuzunike, hayo mapaja mimi nitayasaidia." Watu wakacheka. Mama hakucheka. Nami nilikaa pale nikiwaza kwamba wote wawili wamesema kweli, na sikujua mtu anafanyaje wakati kweli zimekuwa mbili.

Lakini tulicheka pia, wifi, tusisahau. Unamkumbuka jirani yetu Ma Anatolia? Alikuletea maharage kwenye bakuli la mfuniko, amejaa furaha. "Mwali wetu, nyama sijaweka hata chembe. Nimesagia dagaa tu."

"Ma Anatolia, dagaa nao ni viumbe."

"Viumbe gani hawa! Hata wakikuangalia huwezi kujua!"

Na msimu wa senene ulipofika, panzi wale wakajaa hewani, kila aliyepita alikuletea kifuko cha karatasi. Ukikataa wanashangaa. "Senene si nyama. Senene ni senene!" Wewe ukawa unachemsha kahawa kwa ajili yetu tuliokaa kuwanyonyoa mabawa, unakaa nasi, unapiga hadithi, hukutuhukumu. Ma Anatolia akasema, "Huyu ameokoka mpaka tumboni." Deo akajibu, "Sisi nyumbani kwetu ni Kwaresima mwaka mzima, Pasaka tutaila mbinguni."

Sasa niseme jambo ambalo watu wa hapa hawapendi kulisema. Deo alikuja kwako akiwa mgonjwa. Miaka yote ya barabarani alikula chipsi na mishikaki, akashushia soda, na kisukari kikamkamata bado kijana. Wakati mnaoana vidole vya mguu wake wa kushoto vilikuwa vimekufa ganzi. Alikuwa akipanda kilima kidogo tu anashika kiuno kama mzee. Wewe hukumwondolea dawa zake hata siku moja, mimi ni shahidi. Ulimbadilishia sahani tu. Ndizi kidogo, maharage, mboga za majani nyingi, karanga za kuponda, parachichi, nyanya chungu. Na ukamtoa nje kutembea kabla jua halijachomoza, naye analalamika njia nzima. "Dorosela, mimi ni dereva! Mungu angetaka nitembee asingenipa leseni!"

Baada ya muda ganzi ikapungua. Daktari mwenyewe akampunguzia vidonge, akamwambia aendelee hivyo hivyo. Nami nikaanza kujipakulia kwenye sufuria lenu, kwanza kwa kuwa mimi mjane niliyerudi nyumbani sikutaka kupika peke yangu, baadaye kwa sababu niliona miguu yangu haivimbi tena jioni. Hakuna aliyenihubiria. Mwili wenyewe uliniambia.

Watu waliona kitambi cha Deo kimeondoka, wakaanza. "Dereva wa fuso bila tumbo! Mkewe anamwanika kama kahawa." Deo alikuwa akiwajibu, "Kahawa isipoanikwa hainunuliwi." Tuliona ni utani. Ulikuwa utani kweli, wakati ule.

Kisha ukaanza kupokea watu wa kupumzika, wakaja wageni wako. Nani alijua mtu anaweza kusafiri kutoka Dar es Salaam kuja Ijumbi kutembea kwenye migomba na kula maharage? Baba yetu mdogo, Ta Klemensi, alisimama pale njiani akiwaangalia mkipita na fimbo zenu, akasema, "Mjini kweli kumeharibika. Wanalipia kutembea! Mimi nimetembea maisha yangu yote, mbona sijaitwa ofisini kuchukua changu?" Lakini mimi niliyekuwa nawatandikia niliona jinsi walivyofika na jinsi walivyoondoka. Yule mama wa benki aliyesema hajalala usingizi mzima tangu azae. Siku ya kwanza mlitembea naye mpaka karibu na Rubya, mkarudi miguu imelowa umande, akanywa mchaichai, akala ndizi na mchuzi wa karanga, akalala mpaka tukaenda kumsikiliza kama anapumua. Siku anaondoka alinishika mikono akalia. "Mama, sikujua kwamba nimechoka."

Neno hilo nililibeba. Nami nilikuwa nimechoka na sikujua.

Ndipo ukanipeleka Bukoba. Wifi, mimi katika maisha yangu nilikuwa sijasafiri bila sababu. Kwetu ukimwona mtu mwenye begi unamuuliza, "Ni msiba au ni hospitali?" Mimi nikijibu, "Naenda kupumzika," watu kituoni wananiangalia kama nina kasoro. Tulikaa sisi watatu, wewe, mimi na Deo, kwenye kile chumba na sebule karibu na ziwa. Asubuhi misa, halafu kutembea kando ya maji, halafu kukaa tu juu ya mawe bila la kufanya. Siku ya kwanza mikono yangu ilinisumbua, ilitafuta jembe. Siku iliyofuata ikatulia. Nilisali rozari yangu pale nikaona kwamba kwa mara ya kwanza simwombi Mungu kitu, namshukuru tu.

Na lile duka la yule bibi Mhindi, mnakumbuka tulivyokwenda kununua dengu na binzari! Nimeandika "mnakumbuka" kana kwamba Deo naye atasoma. Nimeiacha hivyo hivyo. Yule bibi alituangalia juu ya miwani. "Nyinyi Wahaya mmeacha nyama tangu lini?"

Deo akasema, "Tangu nilipooa, mama."

"Vizuri sana. Mimi sijala tangu kuzaliwa. Maziwa je?"

Ukamjibu, "Maziwa pia hatunywi."

"Na samli?"

"Na samli."

Akafunga daftari lake la mauzo. "Hapo sasa mmenishinda hata mimi." Akatuongezea kiganja cha dengu bure, akamwambia Deo, "Baba, mshike huyu." Deo akakushika mkono mpaka tukatoka barabarani, mtu mzima yule na mvi zake.

Hiyo ndiyo faida ya maisha yale, wifi. Watu huhesabu kilo na vidonge. Mimi nahesabu ule mkono.

Mwaka uliofuata Deo akaanza kukonda tena, na safari hii haikuwa kukonda kuzuri. Macho yakawa ya manjano. Tulikwenda hospitali sote watatu. Unakumbuka daktari alivyovuta kiti akakaa karibu, nikajua habari si njema. Alisema kuna uvimbe kwenye ini na umeshaenea. Nikamuuliza mimi mwenyewe, "Daktari, ni chakula?" Akasema, "Hapana, mama. Kitu hiki kimekuwa humo muda mrefu, kinakua polepole. Hata angekula nini kingekuja." Ulikuwa umeinamisha kichwa. Sijui ulisikia kiasi gani. Kwa hiyo nayarudia maneno yale hapa, uyasome ukiwa umekaa.

Mama alibaki nyumbani, hakumsikia daktari. Yeye alimwona mwanaye anaisha. Mchana mmoja alichinja kuku, akachemsha supu, akaileta mwenyewe kitandani, akitetemeka kwa uzee na kwa mzigo. Deo alivuta harufu akageuza uso ukutani. "Mama, nisamehe. Kichefuchefu kinanipanda. Niitie Dorosela anipe uji wake." Ukaja na kile kibakuli cha ndizi zilizopondwa na karanga laini, ukamlisha kwa kijiko, akala. Alikula vijiko vichache, lakini alikula. Mama alikuwa bado amesimama. Nilimwona ameshika bakuli lake mpaka likapoa mikononi mwake.

Wifi, mimi nadhani yote yaliyofuata yalitoka pale. Si kwenye jogoo wala kwenye senene. Mama aliona mwanaye wa mwisho anakataa mkono wake na kupokea wa mwingine, na hakuwa na mahali pa kuupeleka uchungu ule. Simtetei. Nakueleza tu nilichokiona, kwa kuwa mimi nilizaliwa naye na wewe ulikuja kwake kwa ndoa.

Deo akaenda. Na siku ya kuanua matanga, ng'ombe ameshachinjwa, ukoo wote umekaa uani, Mama akasema mbele ya watu, "Mwanangu amelishwa majani kama mbuzi, na sasa majani yanaota juu yake." Ta Klemensi akajiweka sawa kwenye kiti. "Mama mtu amesema. Sasa mjane naye ale nyama ya msiba wa mumewe, tujue kama analia pamoja na sisi."

Hiyo si mila yetu. Nimezaliwa hapa, nimekaa kwenye misiba mingi, sijapata kuisikia. Aliitunga pale pale, na wengine wakaitikia kwa vichwa kwa kuwa ilitamkwa na mtu mwenye mvi.

Nilikuona unaiangalia sahani. Nilitikisa kichwa, nadhani hukuniona. Ukachukua kipande, wewe ambaye hukuwa umegusa kitu hicho tangu ujana wako, ukakitia mdomoni. Ukatafuna muda mrefu, machozi yanashuka mpaka kidevuni. Ukameza. Ukachukua cha pili. Nilijua unawaambia nini. Ulikuwa unawaambia, nilimpenda, chukueni hata hiki.

Na sauti ikatoka nyuma, ya mwanamke, sitamtaja. "Kumbe anaweza kula! Mbona mumewe alimnyima?"

Watu wakaguna. Nikasimama nikasema, "Hamna hata haya!" Ta Klemensi akasema, "Kaa chini Leokadia, wewe naye umeshalishwa majani." Wakacheka, wifi. Kwenye matanga ya mdogo wangu.

Baadaye tulikuwa tunaosha vyombo, wewe na mimi. Ukaniuliza bila kuinua macho, "Wifi, na kama ningemwachia apate hata supu?" Nilikujibu "Hapana," lakini wanawake waliingia na masufuria yao na kelele zao, na sijui kama ulisikia. Asubuhi nilipotoka misani nilikuta ua umefagiwa na ufunguo wa nyumba yenu umetundikwa kwenye msumari wa mlango wangu.

Basi leo nakujibu mbele ya watu wote, kwa kuwa na wewe ulihukumiwa mbele ya watu wote. Hapana, wifi. Supu isingemponya. Hukumnyima kitu. Mwezi ule wa mwisho, ulipokuwa umekwenda kuchuma mboga, Deo aliniita akaniambia, "Dada, mimi zamani nilikuwa naamka mzito kama gunia la kahawa mbichi, nikadhani ndivyo watu wote wanavyoamka. Kwa huyu mwanamke nimeamka mwepesi. Hata nikifa kesho, nimeamka mwepesi." Aliyasema hayo akiwa na akili zake zote, na mimi sikuyatunga ili kukufariji. Unanijua, siwezi kutunga.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Wiki iliyopita walifika wanawake wawili kutoka Mwanza na mabegi yao. Walikuwa wameambiwa na rafiki yao kwamba Ijumbi kuna mahali mtu anapumzika. Hawakuwa na habari ya msiba wala ya kuondoka kwako. Ningewarudishaje? Nikafungua nyumba yenu, nikafungua madirisha, nikatandika. Nikawapikia kama ulivyonifundisha. Asubuhi nikawatembeza njia yako ya kuelekea Rubya, ukungu bado umelala kwenye migomba. Mmoja alikuwa amefiwa na mtoto. Alipofika juu alikaa chini akalia kwa sauti, na mimi nikakaa karibu yake nikalia langu. Tuliporudi alikula sahani mbili. Kisha akaniuliza, "Mama, mwenyewe yuko wapi?" Nikabaki nimeshika mwiko.

Kazi yako bado inaponya watu, Dorosela, na wewe hupo kuiona. Hilo linanivunja kuliko kifo chenyewe. Deo amechukuliwa na Mungu, nimenyamaza. Lakini wewe umechukuliwa na midomo ya watu, na siwezi kunyamaza.

Sitakudanganya kwamba Mama amebadilika. Jina lako halitaji, anasema "yule." Ila siku wale wageni walipokuwepo alikuja akakaa kwenye kizingiti cha jiko akaniangalia ninavyoponda karanga kwenye kinu. Akaniangalia weee, mwisho akasema, "Hazijalainika. Yule alikuwa anaponda mpaka zinatoa mafuta." Nikasema, "Ndiyo, Mama." Akavuta kanga akajifunika uso, akakaa hivyo hivyo mpaka nilipomaliza. Sijui alikuwa analia au analala. Sikumfunua. Nakuandikia nilivyoona, wewe ndiye utakayepima.

Nami naendelea na chakula chetu, peke yangu, kwenye sufuria dogo. Mwili wangu unashukuru, lakini moyo unakuwa mzito kila nikipakua. Ni vigumu kula chakula cha watu watatu ukiwa mmoja. Ta Klemensi alipita juzi akaniuliza kama sijachoka na majani. Nimemwambia, "Nimechoka na nyinyi, baba mdogo, si na majani." Akaenda zake.

Sikuombi urudi, wifi. Nyumba ni yako, mlifunga ndoa kanisani na Deo, nitasema hivyo mbele ya ukoo wakiniita na nitasema wasiponiita. Lakini sikuvuti. Ulipo, kama wanakutunza, kaa. Jambo moja tu linaninyima raha, kwamba huenda kila asubuhi unaamka ukijiuliza kuhusu ile supu. Na lile la nyama ya matanga, kama linakusumbua rohoni, lipeleke kwa padre likikuelemea, lakini mimi sioni dhambi pale. Naona mke. Nakuombea kila siku kwenye fungu la nne la rozari, na wale wanawake wa Mwanza wameniahidi nao watakuombea.

Basi nikuache, jua limepanda na Mama anataka uji. Tafadhali nijibu mapema, hata kwa maneno mawili, uniambie kwamba umesikia ile "hapana" yangu.

Ni mimi wifi yako akupendaye,
dada yake Deo,
Leokadia, Ijumbi.